Soli ya upinde wa mvua

Joto la Florence mwezi wa saba si kama joto la kwetu Malindi. Kwetu jua likichoma kuna upepo wa baharini unakuja kukupoza shingo, hapa mji uko bondeni, vilima kila upande, upepo hakuna, na yale mawe ya barabarani yakishapata moto asubuhi basi mpaka usiku bado yanatoa joto kama jiko lililozimwa sasa hivi. Miguu inavimba. Na mimi kazi yangu ni ya miguu, namtunza mama mmoja mtu mzima sana, Signora, anakaa gorofa ya tatu na lifti hakuna, kwa hiyo ikifika saa nane mchana naijua kila ngazi niliyopanda na kushuka tangu alfajiri. Alhamisi mchana ndio mapumziko yangu, ndio desturi ya kazi hizi huku Italia, nusu siku ya Alhamisi na Jumapili nzima. Sasa Alhamisi moja kiangazi cha mwaka jana, miguu imechoka na sitaki kurudi chumbani, nikaingia kwenye makumbusho ya viatu ya Ferragamo, pale Palazzo Spini Feroni, ukishavuka tu daraja la Santa Trinita.

Hilo jengo nilikuwa nalipita miaka. Ni la mawe, limeanza kujengwa mwaka 1289, limesimama kama ngome, na chini kuna duka lenye viatu dirishani ambavyo bei yake ni mshahara wangu wa mwezi na kwengine inapita. Siku zote nilikuwa natazama dirishani halafu naendelea na safari. Sikujua kwamba ukishuka ngazi chini ya ardhi kuna baridi nzuri, kimya, taa zimeelekezwa kwa kiatu kimoja kimoja kama vile kila kimoja ni mtu aliyekaa anasubiri kusalimiwa.

Na hapo ndio nikakiona.

Ni sandali ya mwaka 1938. Sijui nianzie wapi kuieleza. Anzia chini. Soli yake ni nene, nene kweli, mbele imenyanyuka na nyuma imepanda zaidi, na imejengwa tabaka juu ya tabaka kama chapati zilizopangwa kwenye sinia, kila tabaka limevikwa ngozi ya swedi, ile ngozi ukiipapasa ni kama mahameli, na kila tabaka rangi yake, nyekundu, manjano, kijani, buluu, zambarau, zinapanda mpaka zinafika kisiginoni. Halafu juu, mikanda miwili mipana ya ngozi ya mwanambuzi, rangi ya dhahabu, imejazwa ndani kidogo imetuna kama mto mdogo, na mkanda mwengine mwembamba wa kufungia wenye bizimu yake. Basi. Hakuna ua, hakuna shanga, hakuna kitu kimebandikwa. Waliitengeneza kwa ajili ya Judy Garland, yule muigizaji na muimbaji wa Marekani wa wimbo wa Over the Rainbow, yaani juu ya upinde wa mvua, ndio maana wanaihusisha na upinde wa mvua. Lakini hata kama hujui Judy Garland ni nani, wallahi ukiiona unasimama.

Niliinama nikaitazama ubavuni. Kitu kilichonishika ni kwamba tabaka zile hazikukatwa zikawa sawa kama mbao, zina mviringo kidogo pembeni, kila moja imetuna, kwa hiyo mwanga ukipiga kila rangi inapata kivuli chake chini yake. Mtu alikaa akafikiria hilo. Mtu alikunja ile swedi kwa vidole akaizungusha kwenye ukingo bila kuacha mkunjo hata mmoja, tabaka ya kwanza, ya pili, ya tatu, mguu wa kulia, mguu wa kushoto.

Na ukiitazama huwezi kuamini ni ya 1938. Ukiniambia imetoka juzi kwa ajili ya kiangazi hiki nitakubali, manake kila mwaka jua likitoka huku naona wasichana wamevaa wajukuu wa kile kiatu, soli nene, mikanda myepesi, rangi rangi. Waitaliano wanaita zeppa, kwetu nasikia wengi wanasema weji, ile soli iliyojaa moja kwa moja kutoka kisiginoni mpaka mbele bila kuacha uwazi katikati. Wote hao wametoka kwa fundi mmoja.

Huyo fundi, Salvatore Ferragamo, alizaliwa 1898 kijijini Bonito, kwenye milima ya kusini mwa Italia, mtoto wa kumi na moja kati ya watoto kumi na wanne. Watu wa shamba, hawana kitu. Baba hakutaka kabisa mtoto wake awe mshona viatu, manake kazi hiyo ilikuwa inahesabiwa ya chini kuliko zote, na mimi hapo nilitabasamu kwa sababu hata kwetu fundi viatu anakaa chini ya mti na watu wanamrushia kiatu bila salamu. Alipokuwa na miaka tisa dadake alikuwa anaenda komunyo ya kwanza na nyumbani hawana uwezo wa kununua viatu vyeupe, mtoto akakesha usiku akamshonea. Asubuhi dada akaenda kanisani na viatu. Baba akanyamaza baada ya hapo.

Akaenda kujifunza Napoli, akarudi akafungua kibanda kwao, na akiwa kijana wa miaka kumi na sita hivi akapanda meli kwenda Marekani kuwafuata kakaze. Boston aliona kiwanda cha viatu, mashine, maelfu kwa maelfu, na hakukipenda. Akahamia California akaanza kushonea watu wa sinema, sandali za Kirumi, buti za wachunga ng'ombe, na mwaka 1923 akawa na duka lake Hollywood. Lakini kilichokuwa kinamsumbua ni malalamiko. Wanawake wanapenda viatu vyake lakini miguu inauma! Sasa huyu mtu asiyekuwa na shule ya maana akaenda kusoma anatomia, elimu ya mwili wa binadamu, chuo kikuu cha Southern California, ili ajue tu mguu unabeba vipi mzigo wake. Akagundua kwamba mtu akisimama wima uzito wake wote unashuka kwenye ule uvungu wa katikati ya unyayo, na wafundi wengine wote walikuwa wanashikilia kisigino na vidole, uvungu wanauacha unaning'inia hewani. Yeye akaweka kibati cha chuma chembamba pale chini ya uvungu, kiukamate.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipompendea. Mimi nimeshavaa viatu vya bei rahisi vya kazini, vile vyepesi bapa ambavyo ukivitazama unasema vitakuwa raha, na baada ya mwezi kisigino kikaanza kuniuma asubuhi nikitia mguu chini kama nimekanyaga mwiba. Daktari aliniambia ni kwa sababu uvungu wa unyayo hauna kinachoushika. Neno lile lile, miaka mia baadaye. Kwa hiyo nikisoma kwenye ukuta wa makumbusho kwamba kuna mwanamume alikaa kwenye darasa la mifupa kwa sababu wanawake walimwambia miguu inauma na yeye akawaamini, mimi sioni fasheni hapo, naona mtu aliyesikiliza.

Mwaka 1927 akarudi Italia, akachagua Florence kwa sababu ya mafundi wa mkono, 1933 akafilisika kabisa, akaanza tena, na 1938, mwaka ule ule wa sandali yangu, akainunua Palazzo Spini Feroni.

Sasa ile soli. Ndani ya ile swedi kuna gamba la mti. Kwa nini gamba la mti na si chuma chake alichokipigania?

Hapa pananiuma na sitaruka. Mwezi wa kumi mwaka 1935 jeshi la Mussolini liliingia Uhabeshi. Wahabeshi waliwahi kuwapiga Waitaliano pale Adua mwaka 1896, na hawa sasa wakarudi kulipiza, na ndege, na gesi ya sumu juu ya watu na mifugo na mito. Haile Selassie akaenda mwenyewe Geneva mwezi wa sita 1936 akasimama mbele ya mataifa akawaeleza, wakamsikiliza, na hawakumsaidia. Vikwazo vilikuwa vimeshawekwa kwa Italia tangu mwisho wa 1935, kidogo kidogo, chuma cha maana kikawa cha vita, na fundi viatu wa Florence akajikuta anapewa chuma kibovu. Vile vibati vya kushika uvungu vikawa vinakatika ndani ya viatu na wateja wanarudisha. Basi akawaza, badala ya kushikilia uvungu kwa chuma, kwa nini nisiujaze ule uwazi wote chini yake? Akachukua lile gamba jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo, linatoka Sardinia, kisiwa cha Italia yenyewe, limejaa, halihitaji kuagizwa nchi za nje. Akalikata, akaligundisha, akalikwangua mpaka likakaa sawasawa na unyayo. Mwaka 1937 akaisajili kama haki yake, na dunia nzima ikamuiga hata hivyo.

Kwa hiyo kiatu ninachokipenda kuliko vyote kimezaliwa kwa sababu vijiji vya Waafrika vilikuwa vinamwagiwa sumu. Nilisimama pale na hilo. Maelezo ya makumbusho yanasema vikwazo, yanasema upungufu wa malighafi, maneno masafi. Mimi natoka nchi inayopakana na Uhabeshi, nimesoma na watoto wa Wahabeshi, siwezi kusoma neno upungufu bila kuuliza chuma kilienda wapi. Na bado kiatu ni kizuri. Sikuweza kukifanya kisiwe kizuri. Nadhani ni haki vyote viwili visemwe mahali pamoja, na mtu akiandika kuhusu zeppa akasema tu ni ubunifu mkubwa wa Italia akaishia hapo, amekata hadithi.

Niliporudi jioni nikamsimulia Signora. Anakaribia miaka tisini, na mara nyingi habari za jana zinampotea, lakini za zamani ziko pale pale. Nikamwambia, Signora, leo nimeona zeppa ya kwanza. Akafungua macho. Akasema mamake alikuwa nazo wakati wa vita, si za dukani kwa Ferragamo, za fundi wa mtaani, ngozi ilikuwa haipatikani kwa raia kwa hiyo juu zilikuwa kitambaa cha pazia na chini gamba, na mvua ikinyesha gamba linalowa linakuwa zito na mamake anazivua anaziweka kwenye kikapu anatembea pekupeku kuzihifadhi. Akanionyesha kwa mkono urefu wa soli. Halafu akanyamaza, akasema yeye mwenyewe akiwa mtoto alikuwa anavaa buti za babake ndani ya nyumba na mamake anasema mtoto huyu atavunja ngazi. Nilikuwa sijawahi kumsikia akimtaja mamake hivyo.

Na mimi nikamwambia habari za bibi yangu, kwamba alikuwa na mitalawanda, vile viatu vya mbao vya kuogea, vimenyanyuka juu ili mguu usiguse maji machafu, na kishikizo kimoja tu cha mbao kati ya kidole gumba na cha pili, na akitembea uani unasikia ka ka ka mpaka mwisho wa nyumba, unajua bibi ameamka. Signora akataka nimchoree. Nikamchorea kwenye nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Akaitazama sana akasema fundi wenu alijua kazi.

Alhamisi iliyofuata nikarudi tena makumbusho. Safari hii nikavipa muda na vyengine. Wakati ngozi hakuna huyu mtu alishona viatu kwa rafia, kwa katani, kwa ngozi ya samaki, kwa ile karatasi inayong'aa ya kufungia peremende, anaisokota inakuwa uzi. Zile za rafia ni za kiangazi hasa, nyepesi, zimefumwa kama mkeka wa ukili, nikajua mara moja mkono uliofanya ile kazi unafanana na wa mama zetu wanaosuka mikeka. Na kuna sandali ya mwaka 1947 ambayo juu haina kitu, yaani unaona mguu tu umeelea, kumbe kuna nyuzi za nailoni zinapita huku na huku, hazionekani mpaka ukae pembeni ya mwanga. Wanasema wazo lilitoka kwa mshipi, ule uzi wa kuvulia samaki, watu walikuwa wakivua hapo hapo mto Arno chini ya daraja. Baba yangu ni mvuvi! Nimekua nikifungua mafundo ya mshipi kwa meno na haijawahi kunijia akilini kwamba ule uzi unaoupoteza ndani ya maji unaweza pia kuupoteza juu ya mguu wa mwanamke. Kiatu hicho kilimpa tuzo ya Neiman Marcus kule Dallas mwaka ule ule, yeye na Christian Dior.

Kuna pia kalibu. Hizi zilinifanya nikae chini kwenye benchi. Ni miguu ya mbao ya wateja wake, kila mteja alichongewa ya kwake na jina likaandikwa, Greta Garbo, Audrey Hepburn, Marilyn Monroe. Unawajua kwa sura zao, halafu unaiona miguu yao ya mbao, mmoja mrefu mwembamba, mwengine mpana mbele, na penye uvimbe fundi ameongeza kipande cha ngozi juu ya mbao ili kiatu kipite hapo kwa adabu. Uzuri wote ule wa kwenye picha unaanzia kwa mtu aliyepiga magoti akashika mguu ulio na sugu.

Alifariki 1960, mkewe Wanda hajawahi kufanya kazi hiyo, ana watoto sita, na aliishika kampuni akaiendesha. Hilo peke yake lina makala yake. Na mwaka 2022 kampuni hiyo hiyo ilimkabidhi ubunifu wote Maximilian Davis, kijana mweusi wa Manchester, kwao ni Trinidad na Jamaica. Niliposoma nikarudi akilini kwenye chuma cha 1935. Sisemi kimelipwa. Nasema nilifurahi, na nikasimama tena kwenye dirisha la duka kutazama sandali zake za kiangazi kwa jicho jengine.

Kuvaa nitavaa nini basi? Hilo ndilo nililorudi nalo. Kisigino chembamba huku kinaingia kati ya mawe ya barabara, na kwetu kinazama mchangani, hakuna ninapoweza kutembea nacho. Zeppa haizami. Lakini ya dukani siwezi na ya kuigiza ya sokoni inabanduka wiki ya pili. Nikampigia ami yangu mmoja Malindi, fundi wa makubadhi, amenishonea tangu niko madrasa, nikamtumia picha ya sandali ya upinde wa mvua kwenye WhatsApp na maelezo marefu ya sauti. Nikamwambia ami nataka juu ukanda wa kubadhi, chini tabaka tabaka za rangi.

Akajibu kesho yake. "Mwanangu, gamba hilo huku silipati. Lakini ndara ninazo."

Akanitumia picha. Mnajua zile ndara zinazoletwa na bahari, kusi ikivuma ufuo wote umejaa, moja moja, hazina mwenzake, zimetoka sijui India sijui wapi. Watu wa kwetu wamekuwa wakiziokota na kuzigundisha na kuchonga tembo na twiga za kuuzia wageni. Ami amezisafisha, amezikata, amezipanga tabaka saba juu ya benchi lake, buluu iliyopauka kwa jua, waridi, manjano, nyeusi, kijani cha embe bichi, halafu amezikwangua ubavuni kwa kisu zikawa na mviringo. Nikaikuza picha kwa vidole nikatazama ule mviringo. Sikumwambia habari ya mviringo. Kwenye picha niliyomtumia hauonekani vizuri.

Anataka vipimo. Ameniambia nikanyage karatasi nichore miguu yote miwili, si mmoja, manake hakuna binadamu mwenye miguu iliyo sawa, na nisichore asubuhi. Nichore jioni, nimetoka kazini, miguu ikiwa imevimba. Jana nikachora, Signora ameshika karatasi isiteleze. Wa kushoto ni mkubwa.